Bakteria Wapo, Lakini Wanafanya Nini? Niliyojifunza Kwenye Tando Zinazokula Chuma

Watu wanaotunza mabomba na matangi ya chuma huuliza jambo moja kuhusu bakteria: je, wapo, na kama wapo, ni wangapi? Swali hilo lina maana, nami nililiuliza kwa muda mrefu. Lakini miaka niliyoitumia maabarani nikichunguza tando zinazokula chuma, yaani matabaka ya bakteria waliojishikiza pamoja juu ya uso wake, imenisogeza kwenye swali jingine ambalo naliona kuwa na uzito zaidi: bakteria hao, pale pale walipojishikiza, wanafanya nini kwa wakati huu? Jibu la swali la kwanza hupatikana katika DNA, kwa kuwa DNA huweza kubaki hata pale mwenyewe anapokuwa amelala au amekufa. Jibu la swali la pili limo katika RNA, yaani zile nakala ambazo seli huzitoa kwenye jeni pale inapohitaji jeni hiyo ifanye kazi, na nakala hizo hazikai. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wanaoshika chuma kila siku kuliko kwa ajili ya watu wa maabara, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba kuyatofautisha maswali hayo mawili kunaweza kuokoa bomba.

Kabla sijaenda kusoma Uingereza nilikuwa msaidizi katika karakana ya matengenezo ya bohari moja ya mafuta kwenye Pwani ya Tanzania. Bohari hiyo ilikuwa na bomba la maji ya kuzimia moto lililojazwa maji ya bahari, na kama ilivyo kwa mabomba mengi ya aina hiyo, maji yalituama ndani yake kwa miezi. Sampuli ya maji ilichukuliwa mara kwa mara na kupelekwa kupimwa, na majibu yalirudi yakisema kwamba bakteria ni wachache. Bomba lilipotoboka, fundi mkuu aliagiza kipande kikatwe na kupasuliwa kwa urefu wake. Upande wa chini wa ukuta wa ndani ulikuwa umejaa vichuguu vya kutu vya rangi ya kahawia. Mzee, kama sote tulivyomwita, aligonga kimoja kwa ncha ya bisibisi, ganda likabanduka, na ndani yake kulikuwa na tope jeusi laini lenye harufu ya mayai viza. Alipolipangusa kwa kitambaa, chuma cha chini yake kilionekana kikiwa king'aavu, hakina kutu hata kidogo, ila kimechimbika vishimo vya duara, kimoja ndani ya kingine. Nilimwonyesha karatasi ya majibu ya maji. Akaniambia, "Mwanangu, hao waliohesabiwa ni wa majini. Wenye kazi hii wako ukutani."

Nilikuja kuelewa uzito wa maneno yake baadaye sana. Bakteria wanaoelea majini na bakteria wa aina ileile waliojishikiza kwenye chuma wana orodha moja ya jeni, lakini huitumia kwa namna mbili tofauti. Waliojishikiza hujizungushia ute wenye protini, sukari za minyororo mirefu na DNA, hukua polepole, na dawa inayowaua wenzao majini mara nyingi haiwafikii vya kutosha. Chini ya vichuguu vile oksijeni huwa imekwisha, kwa hiyo wanaotawala huko ni wale wanaopumua salfeti badala ya oksijeni. Maji ya bahari yana takribani gramu 2.7 za salfeti katika kila lita, akiba kubwa kwa viumbe wadogo kiasi hicho. Wanapoipumua hutoa haidrojeni salfaidi, ndiyo harufu ile, nayo inapokutana na chembe za chuma kilichoyeyuka hutokea salfaidi ya chuma, ndilo tope lile jeusi.

Namna hasa wanavyokila chuma ni mjadala mkongwe. Mwaka 1934 Waholanzi wawili, von Wolzogen Kühr na van der Vlugt, walieleza kwamba bakteria hawa hutumia haidrojeni inayojitokeza juu ya uso wa chuma kilichomo majini, na kwa kuiondoa hukifanya chuma kiendelee kupoteza elektroni zake. Maelezo hayo yalifundishwa kwa miongo mingi. Kisha mwaka 2004 watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Mikrobiolojia ya Bahari iliyoko Bremen, Ujerumani, walitoa taarifa ya bakteria waliokuzwa kwa kupewa chuma kitupu kuwa chanzo chao pekee cha elektroni, nao walikila kwa kasi ambayo utumiaji wa haidrojeni peke yake haukuweza kuieleza. Ilionekana kwamba walikuwa wakichukua elektroni moja kwa moja kutoka kwenye chuma. Kwa hiyo leo tunazungumzia njia zisizopungua tatu: salfaidi inayokishambulia chuma kikemikali, haidrojeni inayoondolewa juu yake, na elektroni zinazovutwa bila mpatanishi. Njia zote hizo zinaweza kuacha tope lilelile na harufu ileile. Kinachozitofautisha ni vimeng'enya vinavyohusika, na nyuma ya kila kimeng'enya kuna jeni yake. Jambo hilo ndilo lililonifanya niache kutazama tope na kuanza kutazama jeni.

Bakteria niliyefanya naye kazi zaidi ni Desulfovibrio vulgaris wa Hildenborough. Alitengwa mwaka 1946 kutoka kwenye udongo wa mfinyanzi karibu na Hildenborough, katika jimbo la Kent huko Uingereza, na mpangilio wa jenomu yake, yaani DNA yake yote, ulichapishwa mwaka 2004: kromosomu moja yenye herufi za DNA takribani milioni 3.57, pamoja na plasmidi moja kubwa, yaani kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu. Tangu hapo iliwezekana kuuliza habari za jeni yoyote aliyonayo kwa kutumia anwani yake kamili, na ndiyo maana maabara nyingi zimemchagua yeye.

Maandalizi yenyewe yanahitaji utulivu kuliko ustadi. Vipande vya chuma cha kaboni vyenye ukubwa wa sarafu husuguliwa kwa msasa, kuanzia ule wenye chembe kubwa hadi ule laini kabisa, huoshwa kwa ethanoli, hukaushwa kwa naitrojeni na kupimwa uzito kwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya elfu kumi ya gramu. Kisha huingizwa kwenye chemba isiyo na oksijeni, ambamo mtu hufanya kazi akiwa amepenyeza mikono katika glavu nene za mpira, na kutundikwa ndani ya chupa yenye chumvi, salfeti na lakteti, chakula chao chenye kaboni. Siku chache baadaye maji huwa meusi na kipande hakionekani tena. Kufikia hapo mambo ni mepesi.

Ugumu huanza mtu anapotaka kujua ni jeni zipi zilizokuwa zikifanya kazi. Nakala nyingi za RNA katika bakteria hudumu kwa dakika chache tu, kisha huvunjwa na seli yenyewe. Ni bidhaa inayoharibika upesi kuliko dagaa walioachwa juani. Tena seli haikai kimya inaposumbuliwa. Ukikiinua kipande kutoka chupani, ukakiacha kipate oksijeni, ukakisuuza kwa maji baridi, bakteria hutambua mabadiliko hayo na kuanza kuandika nakala nyingine, na ukichelewa, utakachokisoma ni jinsi walivyoupokea mkono wako, wala si jinsi walivyokuwa wakila chuma. Msimamizi wangu alikuwa akisimama nyuma yangu ameshika saa. Kipande kilitolewa chupani humo humo ndani ya chemba, kikasuuzwa mara moja kwa maji ya chumvi yaliyoondolewa oksijeni, kikatumbukizwa katika kimiminika kinachosimamisha shughuli zote za seli, na ndipo tuliporuhusiana kuvuta pumzi. Nilidhani mwanzoni kwamba haraka ile ni desturi ya maabara yake tu. Sasa naiona kuwa sehemu ya kipimo chenyewe, sawa na mizani.

Kikwazo cha pili ni chuma. Utando hukwanguliwa pamoja na tope la salfaidi ya chuma, na chuma si rafiki wa RNA: chembe zake huchochea kuvunjika kwa RNA, na zikibaki kwenye sampuli huzuia kimeng'enya kinachoigeuza RNA kuwa DNA kabla ya kuzidishwa kwa PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi hadi iweze kupimwa. Mashine hapo hutoa ishara hafifu au haitoi kabisa, na asiyejua ataandika kwamba jeni ilikuwa imezimwa. Nilifundishwa kutia katika kila sampuli kiasi kinachojulikana cha RNA ngeni, isiyo ya bakteria huyo, kabla ya kuanza kuisafisha. RNA hiyo ngeni ikisomeka vizuri mwishoni, basi ukimya wa jeni ni ukimya wa kweli. Isiposomeka, sampuli imezibwa na chuma na hakuna neno la kusema juu ya jeni yoyote. Ninaposoma matokeo ya watu wengine kuhusu tando za juu ya chuma, hili ndilo ninalolitafuta kwanza, na lisipokuwepo naichukua namba kwa tahadhari.

Jeni inayopimwa kuliko zote katika kazi hii huitwa dsrA. Inahusika na kimeng'enya cha hatua ya mwisho ya kupumua salfeti, na ni alama nzuri ya kulitambua kundi zima la bakteria hawa. Maabara nyingi zinazohudumia viwanda huitumia, na mara nyingi mteja huelezwa kwamba jeni hiyo ikionekana kwa wingi basi chuma chake kimo hatarini. Sikubaliani na usomaji huo. Kila bakteria anayepumua salfeti huhitaji dsrA, awe anakila chuma au anaishi kwa lakteti mbali kabisa na chuma. Kuiona ikifanya kazi kunakwambia kwamba wanapumua; hakukwambii elektroni wanazozitumia wamezitoa wapi.

Kwa swali la elektroni, jeni zenye habari zaidi ni zile za haidrojinesi, vimeng'enya vinavyoshughulikia haidrojeni. Desulfovibrio vulgaris wa Hildenborough anazo nne katika nafasi iliyo kati ya ngozi ya ndani na ya nje ya seli yake: moja inayotumia chuma peke yake, moja ya nikeli, chuma na seleniamu, na mbili za nikeli na chuma. Ipi kati ya hizo itengenezwe hutegemea kile kilichomo majini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba seleniamu ikiwepo, bakteria huyu huipa nafasi ile haidrojinesi yenye seleniamu na kuzishusha nyingine. Seleniamu ikikosekana, mambo hugeuka. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno, kiasi ambacho katika maelekezo ya kuandaa chakula cha bakteria huandikwa kwenye mstari wa mwisho, pamoja na madini mengine ambayo hakuna anayeyatazama mara mbili. Baada ya kuusoma utafiti huo nilikaa kitako na madaftari yetu nikalinganisha vyakula vilivyotumiwa na watu tofauti waliotutangulia, nikaona kwamba baadhi vilikuwa na seleniamu na baadhi havikuwa nayo. Watu wawili wanaweza kutumia bakteria mmoja, chuma kimoja na joto moja, wakatofautiana juu ya jeni ipi inahusika na ulaji wa chuma, na wote wawili wakawa wamepima sawasawa. Kwa mtu wa bombani maana yake ni kwamba matokeo ya jeni yaliyopatikana katika maji ya kisima hayawezi kuhamishiwa kwenye maji ya bahari bila kupimwa upya.

Jambo lililobadilisha kabisa namna ninavyozungumza na mafundi ni la njaa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio nchini Marekani walichapisha majaribio ambayo walikuza utando wa Desulfovibrio vulgaris juu ya chuma cha kaboni hadi ukakomaa, kisha wakapunguza lakteti. Mtu angetarajia chuma kipate nafuu. Kilichotokea ni kwamba utando uliopunguziwa chakula ulikila chuma kwa ukali zaidi. Maelezo yao ni kwamba bakteria aliyekosa elektroni kutoka kwenye lakteti huzitafuta kwenye chuma, kwa kuwa bado ana salfeti ya kupumua na anahitaji nishati ya kuendelea kuishi. Ukilifikiria hilo pamoja na umbo la utando, linatisha: hata pale majini penye chakula tele, walioko juu ya utando hukila kabla hakijawafikia walioko chini, na walioko chini ndio waliogusana na chuma. Wenye njaa ndio walio karibu na sahani. Hesabu ya bakteria wa majini, ambao ndio walioshiba, haiwezi kusema lolote juu yao.

Hapo pia ndipo udhaifu mkubwa wa kazi yetu ulipo, nami ninausema wazi kwa kila anayeniletea sampuli. Tunapokwangua utando mzima na kuutoa RNA, tunachanganya wa juu na wa chini, wa kwenye kishimo na wa kwenye uso ulio salama, na namba tunayoipata ni wastani wao wote. Bomba halitoboki kwa wastani. Linaweza kupoteza chuma kidogo sana kwa ujumla wake na bado likavuja kwa sababu ya kishimo kimoja kilichokwenda chini kwa kasi. Jeni iliyokuwa ikifanya kazi kwa nguvu katika kishimo hicho huweza kufunikwa kabisa na ukimya wa bakteria waliosalia. Ninapendelea sampuli ndogo iliyochukuliwa mahali palipojulikana kuliko sampuli kubwa iliyokwanguliwa kila mahali, hata kama RNA yake ni haba na kazi yake ni ya kuchosha.

Utafiti wa mwaka 2017 ulinigusa kwa namna ya pekee. Watafiti walikuwa na bakteria wa Hildenborough waliotunzwa katika maabara mbili tofauti, wote wakiwa na jina moja, lakini mmoja alitengeneza utando vizuri na mwingine hakuweza. Walipochunguza jenomu zao walikuta badiliko la herufi moja katika jeni ya mtambo unaosukuma protini nje ya seli, na badiliko hilo peke yake lilitosha kuondoa utando. Tunajua kwamba utando wa bakteria huyu hutegemea zaidi protini kuliko sukari, kwa hiyo mtambo huo ukiharibika hana cha kujishikizia. Kwangu mimi thamani ya kazi hiyo iko katika mambo mawili. Kwanza, inaonyesha mahali ambapo utando unaweza kuzuiwa bila kumwaga dawa inayoua kila kitu. Pili, ilitufanya tuache kuamini lebo iliyobandikwa kwenye kichupa cha friza, na sasa kila bakteria anayeingia kwetu hupimwa kwanza kama bado anajishikiza juu ya chuma.

Sitaki msomaji abaki na picha kwamba bakteria wa salfeti ndio peke yao wenye lawama. Wapo arkea, viumbe wadogo wa kundi jingine kabisa, wanaotengeneza gesi ya methani, na baadhi yao hukila chuma kwa kasi. Katika Methanococcus maripaludis, tofauti kati ya aina zinazokila na zisizokila imefuatiliwa hadi kwenye kisehemu cha jenomu chenye jeni za haidrojinesi inayotolewa nje ya seli, ikafanye kazi kwenye uso wa chuma. Aina zisizo na jeni hizo hazikidhuru chuma vivyo hivyo. Jeni moja kati ya hizo, iitwayo micH, imekwisha kutumiwa kuwatafuta arkea wa aina hiyo katika sampuli za mabomba ya mafuta, nami naiona kuwa kipimo bora kuliko dsrA kwa sababu inaelekeza kwenye tendo lenyewe. Laiti tungekuwa na alama iliyo wazi namna hiyo kwa bakteria wa salfeti!

Uzito wa mambo haya hauko maabarani. Oktoba 2015 kisima cha hifadhi ya gesi cha Aliso Canyon, karibu na Los Angeles, kilianza kuvuja, na hakikuzibwa hadi Februari 2016. Maelfu ya familia zilihama makazi yao kwa muda. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2019 ilieleza kwamba bomba la kisima lilipasuka kutokana na kuliwa kutoka upande wa nje na vijidudu, mahali lilipogusana na maji ya ardhini. Wachunguzi walivuta chuma kutoka ardhini na kusoma mikwaruzo, mashimo na mabaki. Walifanya kazi kubwa, lakini walikuwa wakisoma alama zilizoachwa na viumbe ambao shughuli zao za wakati ule zilikuwa zimekwisha kupotea pamoja na RNA yao. Ushahidi wa namna hiyo hutosha kueleza ajali. Kuizuia kunataka mtu asome wakati kazi ingali inaendelea.

Kwa sababu hiyo, katika maabara tunayofanyia kazi sasa hakuna namba ya jeni inayoandikwa peke yake. Kila chupa hupokea vipande vinne. Viwili hutolewa RNA. Kimoja husafishwa kwa asidi iliyotiwa kizuizi ili isikile chuma chenyewe, ndani ya kabati la kuvuta hewa kwa sababu haidrojeni salfaidi inayotoka hapo ni sumu, na ikizidi hupoteza hata uwezo wa mtu kuinusa. Kisha hupimwa uzito tena ili kujua chuma kilichopotea kwa milimita kwa mwaka. Cha nne huwekwa chini ya hadubini na kupimwa kina cha kishimo chake kirefu kuliko vyote. Pembeni huwekwa chupa nyingine yenye kila kitu isipokuwa bakteria. Mafundi wanaotuletea sampuli kutoka kwenye mabomba nao huombwa vivyo hivyo: vipande vya majaribio vifungwe upande wa chini wa bomba, mahali ambapo maji hutuama, vitolewe kwa wakati uliopangwa, na kichupa cha kimiminika cha kusimamisha seli kiwe kimefunguliwa tayari mkononi kabla boliti ya mwisho haijalegezwa.